Sindano ya Uvimbe: Kuridhika kwa Mgonjwa Huanza Kabla ya Kuchomwa

Mkazi wa Kibaha au Kisarawe anapogundua uvimbe kwenye titi, shingo au kwapa, swali lake huwa moja: je, ni saratani? Mara nyingi jibu huanzia kwenye sindano nyembamba. Hata hivyo, wapo wanaoikwepa wakiamini kwamba uvimbe ukichokozwa husambaa.

Katika kipimo hiki, daktari bingwa wa patholojia husafisha ngozi, huushika uvimbe kwa vidole, kisha hufyonza seli chache kwa sindano ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu. Seli hizo hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Humo huweza kuonekana dalili za saratani, za kifua kikuu cha tezi au za uvimbe usio na hatari. Maumivu kidogo au kuvilia damu huweza kutokea, lakini saratani kusambazwa na sindano hii ni jambo la nadra mno. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni kuchelewa.

Mtaalamu wa patholojia anapochoma mwenyewe, anayechukua sampuli ndiye anayeisoma. Penye vifaa, huitazama papo hapo na kurudia iwapo seli hazikutosha. Kwa aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa, kuitwa tena si usumbufu mdogo.

Kuridhika kwa mgonjwa, basi, hakupimwi kwa maumivu peke yake. Je, alielezwa kitakachofanyika? Aliombwa ridhaa? Alisitiriwa alipovua nguo? Aliambiwa majibu yatatoka lini, na nani atamfafanulia? Maswali haya yana uzito wa kitabibu, kwa kuwa mgonjwa aliyeheshimiwa ana sababu ya kurudi kuchukua majibu. Aliyekaripiwa huweza kupotea na uvimbe wake, akaonekana tena ugonjwa ukiwa umekomaa.

Nawe msomaji, mweleze daktari iwapo unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na usione haya kuuliza. Ukiambiwa kwamba kinahitajika kipande cha nyama kwa uchunguzi zaidi, usidhani umedanganywa: sindano nyembamba ina mipaka yake. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi watabibu tusiwe sababu ya mtu kuyaficha.