KWAYA NDOGO: KILA SAUTI INA KAZI YAKE

Hapa Nyarugusu kwaya kubwa mnazifahamu: gitaa, kinanda, sare, mpaka vumbi linatimka. Mwezi huu tunapenda kuwaelezea kwaya ya aina nyingine, ndogo, isiyo na chombo hata kimoja. Tukitimia tuko watu 12, watatu kwa kila sauti: soprano, alto, teno na besi. Tunakutana Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni darasani, watoto wakishatoka. Siku ya mgao wa chakula hatukutani, maana nani ataacha foleni?

Wengi wanatuambia, "Mimi sina sauti." Si kweli. Anayeweza kumwita mtoto wake aliye mbali ana sauti, kinachotakiwa ni kuzoeza sikio. Kwenye kwaya kubwa ukinyamaza hakuna anayejua. Kwetu sisi ukinyamaza wimbo unabaki na pengo. Kwa hiyo mgeni akija, wiki za kwanza anasimama katikati ya wawili wanaojua sauti yake, anasikiliza kuliko anavyoimba.

Shida ya kuimba bila kinanda ni kushuka. Tunaanza vizuri, tukifika ubeti wa tatu wimbo wote umeshateremka, besi wanatafuta noti zao chini ya ardhi! Dawa yake ni pumzi ya tumboni na kusimama duara ili kila mtu awasikie besi. Kiswahili nacho kinatusaidia, kwa sababu karibu maneno yote yanaisha na a, e, i, o au u. Midomo ikifunguka sawa, sauti 12 zinakuwa moja.

Nyimbo tunaziandika kwa solfa: d, r, m, f, s, l, t. Njia hii ilianzia Uingereza kwa mwalimu Sarah Glover, kisha John Curwen akaieneza katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta Afrika. Nukta mbili hutenga mapigo, kistari hurefusha noti. Chaki na ubao vinatosha.

Faida yake tumeiona wenyewe. Mwaka jana besi wetu wawili waliondoka katika mwezi mmoja: huyu alirudi Fizi, yule alipata safari ya Marekani. Jamani, tulilia. Sauti ikikaa kichwani mwa mtu tu, akienda anaenda nayo. Lakini hawa waliacha sauti zao kwenye daftari. Vijana wawili wa sekondari walizisoma noti kwa noti, na nyimbo zetu saba zikasimama tena. Yule wa Marekani alinakili zake, akatutumia ujumbe kwamba huwa anaimba besi peke yake jikoni.

Wazazi, tunawaomba mambo mawili. Mtoto wa kiume sauti ikianza kukwaruza, msimcheke wala msimlazimishe kuimba juu, aimbe zile noti zinazomfaa. Na binti zetu wapunguziwe kuchota maji jioni hizo mbili, ndugu zao wa kiume nao wana mikono.

Kwa sasa tunatafuta teno mmoja. Hatuulizi kabila wala kanisa. Njoo na daftari na kalamu, sikio utalipatia hukuhuku. Karibuni sana.