Katana: Pakiti ya mbegu ya watoto isifanane na bombo

Siku ya soko kule Kabamba, mtoto wa miaka sita hasomi etiketi. Anaona rangi, anavuta kikwembe cha mama yake: «Mama, uninunulie kale ka nyekundu!» Kama ndani ya hako ka nyekundu muna bombo, hakuna shida kubwa. Kama muna mbegu, basi yule aliyechora pakiti anapaswa kuwa amefikiri mara mbili.

Wazo lenyewe ni zuri na halihitaji mtaji mkubwa. Kikundi cha akina mama, shule, ao vijana wanaojua kuchora wanaweza kufunga mbegu kidogo kwenye karatasi, kuweka mchoro wa kuchekesha, na kuuza kwa bei ambayo mzazi anaweza kutoa bila kujiuliza sana. Mtoto anapata tuta lake nyuma ya nyumba, analima, anavuna, anakula. Katana inajua sababu ya jambo hili kuliko mahali pengi. Hospitali ya Fomulac na kituo cha utafiti cha Lwiro vimeshughulikia kwa miaka mingi watoto wa bwaki, ule ugonjwa wa miguu kuvimba na nywele kubadilika rangi. Hata Bukavu, miaka ya 1960, watu waliunda kamati nzima na kuipa jina hilo: Comité Anti-Bwaki. Tuta moja la lengalenga haliponyeshi bwaki, na pakiti isidanganye hivyo. Lakini mboga za majani karibu na jiko zinasaidia, na mtoto hula kwa furaha kile alichootesha mwenyewe.

Shida ya kwanza iko kwenye rangi. Mbegu nyingi za mahindi na maharagi zinazouzwa kwa wakulima zimepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, na juu ya dawa hiyo wanaweka rangi: nyekundu, waridi, wakati mwingine buluu ao kijani. Rangi hiyo ni onyo kwamba mbegu hii ni ya udongo, haiingie kwenye chungu. Tatizo ni kwamba waridi na nyekundu ndizo pia rangi za bombo. Mtu mzima akiona punje ya waridi anafikiri dawa. Mtoto anafikiri sukari.

Kile kinachoweza kutokea pakiti ikisema kwa lugha isiyosikika, Irak ilikiona. Mwishoni mwa mwaka wa 1971, nchi hiyo ilipokea ngano nyingi ya mbegu kutoka nje, imepakwa dawa yenye zebaki na kutiwa rangi. Maonyo yalikuwa kwenye mifuko, lakini kwa Kihispania na Kiingereza, kwa wakulima wanaosema Kiarabu na Kikurdi. Kichwa cha maiti na mifupa miwili, alama ya sumu kwa Wazungu, hakikuwaambia kitu. Mbegu nyingine zilifika wakati wa kupanda umekwisha pita, na nyumbani watu walikuwa na njaa. Wengine waliosha ngano mpaka rangi ikatoka, wakaona imekuwa safi. Rangi ilitoka, zebaki ikabaki. Walisaga, wakapika mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitali, 459 wakafia humo, na kati ya wagonjwa walikuwamo watoto.

Dawa ile ya zebaki si ile inayopakwa kwenye mbegu za leo, lakini njia ya kosa ni ileile. Huku Kabare, pakiti iliyoandikwa Kifaransa peke yake inamwacha nje bibi anayesema Mashi, na bibi njo anabaki na watoto mama akienda soko. Kwa hiyo sharti la kwanza, kabla hata ya kutafuta mchoraji: ndani ya pakiti ya mtoto muwe mbegu isiyopakwa dawa yoyote. Muuzaji asiyejua kama mbegu yake imepakwa asiifunge kwa ajili ya watoto. Na asiandike kwamba imehakikishwa kama haikupita kwa SENASEM, huduma ya serikali inayosimamia mbegu. «Mbegu ya nyumbani, haina dawa» inatosha, kama ni kweli.

Baada ya hapo mchezo unaweza kuanza. Jina kwanza. Wakaaji wa Kivu ya Kusini wana mfano mzuri sana tayari, unga wa uji unaoitwa masoso: mahindi, soja, sorgo. Jina linachekesha mdomoni, mtoto analishika mara moja, na mama akilisema amekwisha kutaja vitu vya kununua. Ni vigumu kupata jina linalofanya kazi zaidi ya hilo. Msumbiji walitumia rangi kwa namna hiyo. Walipotaka watu wapende viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A, walipaka magari na vibanda vya soko rangi ileile. Mtu hakuhitaji kusoma. Alitafuta rangi, na ndani ya kiazi akaikuta tena.

Picha nayo. Wengi wangekimbilia kuchora ngagi wa Kahuzi-Biega, sababu mbuga iko karibu na ngagi anapendeza. Lakini mtoto wa Katana hapigani na ngagi kwenye tuta lake. Anapigana na kuku. Kuku anayefukua mbegu asubuhi ni adui anayejulikana, ana tabia, anaweza kuchekwa, na anamfundisha mtoto kazi ya kweli: kuzungushia tuta miiba ao vijiti mpaka miche ikomae. Kuku mwizi mwenye macho makubwa mbele ya pakiti, na nyuma yake ua umesimama, ni somo zima bila neno hata moja.

Mbegu gani? Karoti inavutia kwenye picha, lakini inaweza kukaa wiki mbili na zaidi chini ya udongo kabla ya kuonekana. Kwa mtoto hiyo ni milele, atafukua kuangalia. Maharagi yanatoka kwa wiki moja hivi, na yanatoka kwa nguvu, yakiinua udongo mgongoni. Lengalenga inatoka kwa siku chache, na majani yake yanachumwa kwa wiki nne mpaka sita. Nyuma ya pakiti munaweza kuchorwa majua madogo 40. Kila asubuhi mtoto anafuta moja kwa kipande cha makala. Ukingo wa pakiti uwe na mistari ya kupimia: kina cha shimo la maharagi kwa vidole viwili, na nafasi kati ya shimo na shimo. Lengalenga yenyewe haichimbiwi shimo. Mbegu ni ndogo kama vumbi, inachanganywa na mchanga na kunyunyizwa.

Kuhusu kifungio, sashe ya plastiki ingekuwa rahisi na ingezuia unyevu. Lakini amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza sashe hizo, ijapo masoko hayajazisahau, na kila mukaaji wa Bukavu amesikia ao ameona takataka za plastiki zinavyofuata maji ya ziwa mpaka bwawa la Ruzizi na kukwamisha mashine za umeme. Karatasi nzito inatosha kama mbegu ni kavu na inauzwa karibu na kupanda: mwisho wa Agosti kwa msimu wa Septemba, Februari kwa msimu wa pili. Pakiti iliyobaki dukani tangu mwaka jana isiuzwe kwa mtoto. Mbegu zisipoota, atafikiri kosa ni lake.

Kabla ya kuchapisha nyingi, watengenezaji wachore tano kwa mkono na kuwapa watoto watano wasiojua kusoma. Wasielezwe kitu. Mtoto akienda kutafuta kijiti na udongo, mchoro umesema. Akiirarua kwa meno, mchoro urudi mezani.