Mwenzi wa Ndoa Anapougua PSP: Mambo ya Kujua Ili Kumtunza Nyumbani

Mara nyingi huanza kwa kuanguka. Mume anainuka kitini, anapiga hatua mbili, kisha anaanguka chali bila kujikwaa popote. Miezi inapita. Anamwaga chakula kifuani, hajali tena habari za nyumbani, na macho yake yanakodoa kana kwamba ameshtuka. Majirani wanasema amerudia pombe. Wengine wanataja uchawi. Mkewe anadhani amechokwa.

Huenda hakuna ukweli wowote katika hayo. Upo ugonjwa nadra wa ubongo ambao hospitalini huitwa kwa herufi tatu, PSP. Ulielezwa kwa kina mwaka wa 1964 na madaktari Steele, Richardson na Olszewski, waliofanya utafiti wao Toronto, Kanada. Huwapata wanaume na wanawake, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 60 na zaidi.

PSP ni nini?

Protini iitwayo tau hurundikana katika seli za ubongo na kuziharibu, hasa zile zinazoongoza usawa wa mwili, macho, usemi na kumeza. Ugonjwa huu hauambukizi, na ni nadra sana kurithiwa.

Mwanzoni hudhaniwa kuwa ugonjwa wa Parkinson. Hata hivyo, mgonjwa wa PSP huanza kuanguka mapema, mara nyingi kinyumenyume. Kwa kawaida mikono yake haitetemeki sana, macho yake hushindwa kutazama chini, na dawa za Parkinson humsaidia kidogo au zisimsaidie kabisa.

Bado hakuna dawa ya kuuponya. Hatari kubwa ni mbili: kuumia kwa kuanguka, na nimonia inayotokana na chakula au kinywaji kuingia mapafuni. Zote mbili zinaweza kupunguzwa nyumbani.

Kuzuia kuanguka

• Mikeka, vigoda na nyaya ziondolewe njiani, kwa kuwa mgonjwa haoni kilicho miguuni pake.
• Kabla ya kuinuka, asubiri kidogo na ahesabu hadi tatu. Wagonjwa wengi huinuka ghafla bila kutambua hatari.
• Anayemsaidia kutembea asimame kando yake, nyuma kidogo.
• Usiku, chombo cha haja ndogo kiwekwe karibu na kitanda.

Wakati wa kula

• Aketi wima, na abaki hivyo kwa takriban nusu saa baada ya kula.
• Sahani iinuliwe, kwa mfano juu ya sanduku mezani, ili aweze kuiona.
• Apewe vijiko vidogo, bila haraka, na redio au televisheni ikiwa imezimwa.
• Maji na chai huweza kumpalia kuliko uji mzito. Akikohoa kila anapokula, au akipata homa mara kwa mara, apelekwe hospitalini akapimwe namna anavyomeza.

Si tabia, ni ugonjwa

Hili ndilo huwaumiza wanandoa zaidi. Mgonjwa anaweza kukaa kimya siku nzima, kuonekana hana upendo, au kucheka na kulia bila sababu. Sehemu ya ubongo inayoamsha hamu na kudhibiti hisia imeathirika. Mara nyingi bado anaelewa mengi yanayosemwa, ila jibu huchelewa. Aulizwe maswali ya ndiyo au la, kisha apewe muda.

Usemi hufifia kadiri ugonjwa unavyoendelea. Kwa hivyo, mambo ya shamba, akaunti za benki na matibabu anayoyataka yazungumzwe mapema, angali na uwezo wa kujieleza.

Msaada unaopatikana

Mwenye dalili hizi aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na familia iombe rufaa kwa daktari wa ubongo na neva. Wakazi ambao hawajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) wanaweza kupiga *147#. Mgonjwa anaweza pia kutathminiwa katika hospitali ya umma ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baadhi ya hospitali hutoa huduma shufaa, yaani huduma za kupunguza mateso ya mgonjwa na kuitegemeza familia. Mhudumu wa afya ya jamii kijijini anaweza kuelekeza familia.

Mtunzaji naye atunzwe

Kumwinua mtu mzima kila siku huumiza mgongo, na kukesha hudhoofisha mwili. Watoto, ndugu na majirani wapangiane zamu, hata kama ni alasiri moja kwa wiki, ili mtunzaji alale au aende kliniki yake mwenyewe. Anayemtembelea mgonjwa asiulize hali ya mgonjwa pekee. Amuulize pia anayemtunza kama amekula na kama amelala.