Dawa za Asidi Hutuliza Kiungulia, Hazikazi Msuli Uliolegea

Mwananchi anayesumbuliwa na kiungulia mara kwa mara huandikiwa omeprazoli na kuelekezwa ainywe asubuhi kabla ya kula. Maelekezo hayo yanatokana na namna dawa hiyo inavyofanya kazi mwilini, na kuyapuuza hupunguza manufaa yake.

Kati ya umio na tumbo upo msuli wa mviringo unaofunguka chakula kinapopita, kisha hujifunga. Msuli huo unapolegea, asidi hupanda kwenye umio, ambao hauna kinga madhubuti kama ya tumbo. Hapo mgonjwa huhisi moto kifuani na uchachu kooni.

Asidi hiyo hutolewa na pampu ndogo sana zilizomo katika seli za ukuta wa tumbo. Omeprazoli huingia kwanza katika damu, kisha huzinasa pampu hizo na kuzizima. Hata hivyo, huzima zile tu zinazofanya kazi, na chakula ndicho kinachoziamsha kwa wingi. Ndiyo sababu dawa hunywewa takriban dakika 30 kabla ya mlo. Kwa kuwa dozi ya kwanza haizimi pampu zote, nafuu kamili huchukua siku kadhaa.

Ieleweke kuwa dawa hii haikazi msuli uliolegea. Kinachopanda huendelea kupanda, ila ukali wake huwa umepungua, na umio hupata nafasi ya kupona. Kwa kawaida tiba huchukua wiki 4 hadi 8. Kupunguza uzito uliozidi, kuacha sigara na kutolala mara baada ya kula husaidia kupunguza kupanda kwenyewe.

Matumizi ya muda mrefu bila usimamizi wa daktari yanaweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Aidha, kuacha ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu kunaweza kusababisha asidi kuongezeka kwa muda.

Zaidi ya yote, nafuu isichukuliwe kuwa uthibitisho wa uzima. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoathiri watu wengi Afrika Mashariki, na dawa hizi zinaweza kutuliza dalili huku ugonjwa ukiendelea. Mwananchi anayepata shida ya kumeza, anayepungua uzito bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami anapaswa kufika mapema katika kituo cha kutolea huduma za afya kwa uchunguzi.