Kasa kitabuni: Picha zinavyowafunza watoto kuilinda bahari

Mwezi Machi mwaka 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia huko Kisiwa Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Watu wengine 78 walilazwa hospitalini.

Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021, watu saba, akiwemo mtoto wa miaka mitatu, walipoteza maisha kisiwani Pemba kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa watoto wa pwani, basi, kumjua kasa si somo la wanyama peke yake. Ni suala la uhai wao wenyewe. Na kwa mtoto ambaye bado hajui kusoma, mlango ulio karibu zaidi wa elimu hiyo ni kitabu cha picha.

Kuonyesha yasiyoonekana

Mtoto wa mvuvi humwona kasa anapoletwa ufukweni. Sehemu kubwa ya maisha ya mnyama huyo hupita mahali ambapo jicho halifiki.

Mchoraji anaweza kuupasua mchanga kwa kalamu yake na kuyaonyesha mayai mia moja au zaidi, yanayokaa humo kwa siku 60 hivi. Katika ukurasa unaofuata ni usiku: vitoto vinachomoza na kuufuata upande wenye mwangaza zaidi, ambao kwa kawaida ni wa bahari. Taa za hoteli na nyumba za ufukweni huvipoteza njia.

Ukurasa mwingine unaweza kuuweka mfuko wa plastiki kando ya yavuyavu. Mtoto hutambua mara moja kwa nini kasa huumeza mfuko akidhani ni chakula.

Kasa huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kuanza kutaga. Mtoto anayekiona kitoto cha kasa kikiingia majini leo huenda akawa mzazi siku kasa huyo atakapotaga kwa mara ya kwanza.

Lugha ya nyumbani

Kitabu cha dubu na pengwini kinaweza kumfurahisha mtoto wa Pemba, lakini hakimwambii lolote kuhusu kilichomo katika nyavu za baba yake. Kinachochora ngalawa, mikoko na matumbawe, na kumwita ng'amba kwa jina lake, humkuta mtoto pale alipo.

Uchapishaji wa rangi ni ghali. Hata hivyo, mradi wa African Storybook, ulioanza kutoa hadithi mwaka 2014, huziweka bure katika intaneti, zikiwemo za Kiswahili. Mwalimu wa Mkoani anaweza kuzichapa. Mzazi aliyeko Muscat au London anaweza kumsomea mwanawe.

Kusema kweli bila kutisha

Kasa anayetabasamu hatoshi. Sumu inayoweza kuwamo katika nyama yake haionekani, kupika hakuiondoi, na dawa ya kuizima haijulikani. Inaweza hata kumfikia mtoto mchanga kupitia maziwa ya mama.

Hayo yanaweza kuelezwa bila kuchora maiti. Chungu kilichoachwa bila kuguswa, na bibi anayeeleza sababu, vinatosha.

Wala haifai kumchora mvuvi kama mtu mwovu. Mara nyingi kasa hunaswa katika wavu uliotegewa samaki, na kugawiana nyama na majirani ni ukarimu. Kitabu kinachomwaibisha baba hakitafunguliwa tena nyumbani.

Kitabu hakileti kitoweo mezani, wala hakichukui nafasi ya sheria. Hufanya kazi vyema zaidi kikifuatwa na ziara, kama zile za wanafunzi wa Zanzibar katika kisiwa cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu mwaka 1994.

Lakini kitabu cha picha husomwa kwa sauti, na ndani ya nyumba sauti hiyo haiishii kwa mtoto. Anayeosha vyombo husikia. Anayeshona nyavu barazani naye husikia.