Ramani ya ubongo wa mtoto huchorwa akiwa amelala

Mtoto ananyonya hadi anashiba, anafungwa vizuri kwenye nguo na kuzibwa masikio kwa sababu mashine ina kelele. Hapewi dawa ya usingizi. Akishalala mwenyewe, anaingizwa kwenye MRI huku mtaalamu wa watoto wachanga akifuatilia mapigo ya moyo, joto na oksijeni yake. Akiamka analia, kazi inasimama. Kila mzazi anajua, kichanga haambiwi "tulia kidogo".

Hivyo ndivyo watafiti wa King's College London, Imperial College na Chuo Kikuu cha Oxford walivyopima vichanga zaidi ya 700 katika Hospitali ya St Thomas, London, wakitafuta ramani ya nyuzi za neva zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine.

Siri iko kwenye maji. Maji ndani ya ubongo hayatulii, na hupita kwa urahisi zaidi kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikatiza. MRI hupima mwendo huo pande nyingi, kisha kompyuta hukadiria nyuzi zinakoelekea. Peter Basser na wenzake wa Marekani walieleza msingi wa kipimo hiki mwaka 1994. Rangi zinazopendeza kwenye picha hizo huwekwa na kompyuta: nyekundu ni kushoto na kulia, kijani mbele na nyuma, bluu juu na chini.

Wanaoguswa zaidi ni wazazi wa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wiki 37. Wiki za mwisho za mimba ndizo nyuzi hizi hukomaa kwa kasi, na tafiti nyingi zimeona tofauti kati ya njiti na waliotimiza miezi yao. Lakini ramani haimtabirii mtoto mmoja mmoja. Nyuzi zinapopishana kompyuta huchanganyikiwa. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa inaweza kuchora hata njia zisizokuwepo.

Kwa hiyo daktari bado anatazama yale ambayo mama naye anayaona nyumbani: mtoto anafuata uso kwa macho? Anageukia sauti? Anatumia mikono yote miwili? Anayependelea mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka apelekwe kwa daktari, bila kusubiri tarehe ya kliniki.