Kufuata waya kwa pikipiki: toka Likasi mpaka Mwadingusha

Siye wafanyakazi wa migodi, njia za inchi yetu tunazijua paka kupitia dirisha la bisi ya kampuni: asubuhi giza, jioni vumbi. Siku ya Mungu iliyopita, mimi na mwenzangu mumoja wa sendika tulichukua pikipiki yake ya 125, tukatoka Likasi saa kumi na moja na nusu ya asubuhi. Tulitaka kuona kwa macho kule umeme wa mitambo yetu unatokea.

Ni kipwa, wakati muzuri wa safari hii, kwani wakati wa mvua udongo unageuka sabuni. Lakini baridi ya mwezi wa sita inaingia mpaka kwenye mifupa. Vaa koti nzito, na kofia ya chuma wote wawili, hata yule wa nyuma.

Mpaka Kapolowe Gare ni gudroni. Hapo mutakutana na kamiyo za shaba zinazoelekea Kasumbalesa, na vijana wanaosukuma makinga yenye kubeba makala. Kaa pembeni, kamiyo haina huruma. Kiisha unaacha barabara kubwa, na dunia inabadilika. Kelele inakwisha. Vichuguu vinasimama kati ya miti, vingine virefu kupita nyumba. Majani yamekauka, na moshi ya mashamba inalala chini kama shuka. Njia zinagawanyika mingi, kwa hiyo tuliuliza kijiji kwa kijiji, na kila mutu alituonyesha na mukono muzima, si kidole.

Halafu ziwa likatokea. Tshangalele haikuwako zamani. Ni watu njo walifunga muto Lufira, maji yakajaa, na usine ya umeme ya Mwadingusha ikaanza kazi mwaka 1930, wakati wa Union Minière, kusudi ilishe mitambo ya shaba. Leo wavuvi wanaishi juu ya maji hayo. Tulikula bukari na samaki iliyotoka kwenye mutumbu asubuhi ile ile. Mama aliyetupikia alikataa tuondoke kabla ya kumaliza sahani.

Mbele kidogo, pneu ya nyuma ikatoboka, chini kabisa ya waya kubwa za umeme. Muzee mumoja akatuletea viti, na mujukuu wake akaanza kubandika kiraka. Kumbe muzee yule alikuwa fundi wa migodi. Alitoka kazini mwaka 2003, wakati wa ile depar volontere iliyoondoa wafanyakazi kupita elfu kumi. Feza ilikwisha haraka, akarudia kwenye kijiji, akanunua nyavu.

Nikamuuliza: « Papa, hapa muko na umeme? »

Akacheka. « Umeme iko, mutoto yangu. Angalia juu. Inapita hapa kila siku, haijasimama hata siku moja kutusalimia. »

Mujukuu anasoma usiku na toshi ya telefone. Telefone yenyewe wanaichaji kwa jirani mwenye sahani ya jua, kwa kulipa.

Maporomoko ya Mwadingusha ni mazuri kweli. Maji inaanguka, nyunyu inapanda, na unasikia mungurumo mbele ya kuona. Usipige picha za usine bila ruhusa, walinzi wako pale. Mitambo ilitengenezwa upya, na mwaka 2021 ikarudia kutoa zaidi ya megawati 70, kwa ajili ya migodi. Nilisimama pale na furaha, lakini neno la muzee lilikuwa linarudi tu.

Kodi ya migodi ya 2018 inaomba kampuni itoe 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu ambao mugodi unawagusa. Tunapozungumza juu ya watu hao, tunahesabu vijiji vya pembeni ya shimo na vya pembeni ya usine. Lakini mugodi unaanzia wapi? Bila maji haya, hakuna shaba. Mimi nasema mugodi unaanzia hapa, na watu wa chini ya waya nao wanaguswa. Siye wa sendika tumepigania mishahara na bima, ni vizuri. Hatujawahi kuandika neno moja juu yao.

Tulirudia Likasi mbele ya giza. Kwa mbali mataa ya usine yalikuwa yanawaka yote.

Ukitaka kufanya safari hii, jaza esanse Likasi, beba shambrere ya pili na maji ya kunywa, uanze mapema. Na ukifika chini ya zile waya, zima pikipiki kidogo, usalimie watu. Siye, kwenye mukutano wetu ujao, neno la muzee litakuwa la kwanza kwenye karatasi.